Maswali na Majibu: Korodani Iliyovimba na Kwikwi Isiyokoma kwa Wanaume Wazee

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaume waliovuka miaka 60, na takriban zote zinaanza kwa kuomba radhi, kana kwamba korodani ni jambo lisilofaa kuandikwa. Hakuna haja ya radhi. Linalonisikitisha ni kwamba wengi wenu mmeandika baada ya kumeza dawa, si kabla.

Nina miaka 68. Korodani ya kulia imevimba na kuuma kwa siku nne, na mkojo unaniunguza. Nilimeza vidonge vilivyobaki nyumbani, maumivu yakapungua, nikaacha. Jirani anasema ni ngiri. Je, ni kweli?

Si kila uvimbe wa sehemu hiyo ni ngiri au busha, mzee wangu. Ngiri ni utumbo uliopenya kinenani na kushuka. Busha ni maji yaliyoizunguka korodani, na kwa kawaida hayaumi. Uvimbe unaouma, uliojitokeza ndani ya siku chache pamoja na mkojo wa kuunguza, mara nyingi ni uambukizo ulioanzia kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani, unaohifadhi mbegu, kisha ukaenea hadi korodani yenyewe. Kwa vijana, wahusika wakuu ni vijidudu vya klamidia na kisonono. Kwa umri wako huwa ni bakteria wa utumbo, hasa E. coli, waliopata makao katika mkojo usiotoka wote kwa sababu tezi dume imekua, au walioingia pamoja na mpira wa mkojo. Hata hivyo uzee haumkingi mtu na magonjwa ya zinaa. Mwenye mwenza mpya amwambie daktari waziwazi, ili wote wawili watibiwe.

Kosa lako ni kuizima dalili kabla mkojo haujapimwa na kuoteshwa maabara ili bakteria wake wajulikane. Dozi kamili kwa kawaida ni ya siku 10 hadi 14, na anayeiacha njiani huwapa nafasi bakteria waliosalia, mpaka pengine usaha ukakusanyika ukahitaji kupasuliwa. Isitoshe, siprofloksasini na levofloksasini, dawa za kuua bakteria ambazo watu hujinunulia bila kuuliza, zinaweza kukata kano ya kisigino, na hatari hiyo huongezeka baada ya miaka 60, hasa kwa anayetumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni). Rudi ukapimwe. Ukilala, iinue korodani kwa taulo iliyokunjwa. Na mwenye kisukari akiona ngozi ya mfuko wa korodani inageuka zambarau au nyeusi, au maumivu yanapita kiasi, aende hospitali usiku huohuo, kwa maana nyama za hapo huoza kwa saa chache.

Je, korodani huvimba kwa kukaa muda mrefu bila tendo la ndoa?

Hapana.

Naomba unitajie tu jina la dawa ya korodani.

Swali hili hurudi kila mara, na kila mara nalikataa. Dawa inayotibu kisonono huenda isiwaguse bakteria wa utumbo. Kifua kikuu cha korodani kina matibabu yake ya miezi. Na maumivu makali yaliyoanza ghafla yanaweza kuwa ya korodani iliyojisokota, ambayo huokolewa kwa upasuaji ndani ya saa sita hivi. Hali hiyo huwapata zaidi vijana, lakini hata wazee imewapata.

Nina miaka 71, na kwikwi yangu imeingia siku ya tatu. Nimekunywa maji, nimebana pumzi, bila mafanikio.

Achana na maji. Kwikwi iliyopita saa 48 hutafutiwa chanzo. Hutokea pale diaframu, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, inapojikaza ghafla na njia ya hewa kooni ikajifunga papo hapo. Neva zinazohusika zinatoka kichwani na shingoni, zinapita kifuani hadi tumboni, na lolote linalozigusa njiani huweza kuzichokoza: tindikali inayopanda kutoka tumboni, nimonia, uvimbe wa umio, shambulio la moyo, kiharusi cha shina la ubongo, hata unywele uliogusa ngoma ya sikio. Figo zilizoshindwa na upungufu wa sodiamu katika damu navyo huileta, na vilevile deksamethasoni, mojawapo ya steroidi. Mmarekani Charles Osborne aliishi na kwikwi kuanzia 1922 hadi 1990. La kuogopwa zaidi ni kile kilichoizusha. Kapimwe damu, moyo na picha ya kifua. Ikiambatana na kizunguzungu, ulimi mzito au kifua kubana, usingoje kesho.

Rafiki yangu amenipa klopromazini iliyomponya kwikwi. Niitumie?

Mrudishie. Ni dawa ya kwikwi kweli, lakini hushusha shinikizo la damu, na mzee anayeamka usiku kwenda msalani huanguka akavunjika nyonga.

Nina miaka 74. Kwa miezi kadhaa mkojo unatoka kwa matone, korodani imevimba, na sasa nina kwikwi na kichefuchefu. Nianze na kipi?

Anza na mkojo, na uanze leo. Yote matatu yanaweza kuwa jambo moja: tezi dume imeziba njia, mkojo uliotuama umezaa bakteria walioshuka hadi korodani, na shinikizo lililorudi nyuma limezilemea figo hadi uchafu wa damu ukaleta kwikwi. Nikiwa wodini, aliletwa mzee aliyelalamikia kwikwi peke yake, hajalala siku tano, kila kwikwi ikimtikisa mabega. Nesi aliyekuwa akimbadilisha nguo ndiye aliyeona chini ya kitovu pameinuka kama mimba ya miezi mitano. Mpira ulipoingizwa ulitoa zaidi ya lita moja na nusu. Siku ya tatu kwikwi ilikoma. Korodani, aliyokuwa ameificha kwa haya, ilichukua majuma.

Nimemaliza dozi na maumivu yamekwisha, lakini korodani bado ni ngumu.

Ugumu huweza kubaki kwa wiki kadhaa. Usipopungua, omba ultrasaundi, kwa kuwa baada ya miaka 60 saratani inayoongoza katika korodani ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili, nayo mara nyingi haiumi. Omba pia upimwe mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, maana ukiendelea kutuama humo, uambukizo utarudi.