Kabla ya Kubadili Mfumo, Waambie Watu Hatima Yao

Nilipopewa jukumu la kuhamisha hesabu za stoo kutoka kwenye leja kwenda kwenye kompyuta, katika kampuni moja ya vipuri vya magari iliyoko Barabara ya Nyerere, nilidhani kazi yangu ni kununua mashine, kumleta mkufunzi na kupanga ratiba. Kwa wiki tatu sikuwaeleza wafanyakazi lolote kuhusu ajira zao, kwa kuwa sikuwa na jibu kamili na niliona aibu kusimama mbele yao mikono mitupu. Kumbe kwa mama ntilie wa nje ya geti orodha ya watakaopunguzwa ilikwisha kamilika, majina na yote, ilhali mimi sikuwa nimeandika hata jina moja.

Mtunza stoo wetu, mzee aliyezoea kuchomeka kalamu nyuma ya sikio, alihudhuria mafunzo yote bila kuuliza swali. Jioni moja nilimkuta akiandika mali iliyoingia kwenye leja ya zamani, aliyoificha chini ya maboksi ya fani belti.

"Mwanangu," alinijibu kwa upole, "siku mkiniondoa, hii itaonyesha sikuchukua kitu."

Nilikaa juu ya boksi tukalinganisha. Kompyuta ilikuwa imehesabu plagi kwa boksi. Yeye aliziandika moja moja, na hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi. (Mkufunzi alijua mengi kuhusu programu, lakini stoo yenyewe aliingia mara moja tu.)

Tangu hapo, sifa ninayoitafuta kwanza kwa kiongozi wa mabadiliko ni uthubutu wa kusema mapema anachokijua na asichokijua. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kabla ya kutekeleza. Usingoje sheria ikusukume. Itisha kikao hata kama jibu lako ni nusu, taja tarehe utakayoleta nusu iliyobaki, na siku hiyo ikifika simama mbele yao hata kama huna jipya. Pia kubali kusahihishwa na mtu wa stoo mbele ya wenzake. Mimi nilifanya hivyo kesho yake asubuhi, na maswali yakaanza kumiminika.

Leja ile ilibaki mezani pake, wazi, kwa miezi miwili zaidi.