Mwanangu, hakufa bure

Mwanangu mpenzi,

Huku Voi tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na anauliza kama baridi ya Lanet, hapo kwenye chuo chenu cha jeshi, imepungua.

Barua yako imenikaa moyoni. Unasema wewe na makadeti wenzako mlibishana hadi usiku juu ya Luteni Wilbur Dartnell, yule ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeuawa karibu na Maktau mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenzako wanashikilia kwamba alikosea: alijeruhiwa mguu tu, alikuwa ameshabebwa kuondolewa, angekubali kwenda angepona na kurudi kuongoza watu wake. Ukaniuliza mimi, niliyeuguza watu wodini miaka yote ya kazi yangu, kama alikufa bure. Kisha pale chini, kwa mwandiko mdogo, ukaniuliza swali la pili.

Nianze na la kwanza. Hakufa bure, mwanangu.

Njia ya Taveta unaijua, umeipita tangu utoto. Wajerumani waliishika Taveta Agosti 1914, na kutoka huko wakawa wanatuma vikundi vidogo vinavyokata nyika kuja kutega baruti kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Waingereza nao wakaanza kutandika reli nyingine kutoka hapa Voi kuelekea Taveta, na Maktau ikawa kambi yao kubwa. Julai 1915 walijaribu kuichukua Mbuyuni wakarudishwa nyuma. Baada ya hapo ikawa vita ya doria: watu wachache, miiba kila upande, na adui humwoni mpaka ameshakufikia.

Dartnell alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1885. Alikuja na bataliani ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha Waingereza, iliyoshuka Mombasa Mei 1915. Ilikuwa bataliani ya watu wa kila namna. Hata Frederick Selous, mwindaji mkongwe, alikuwemo, naye akauawa akiwa kapteni karibu na Beho Beho Januari 1917, ana umri wa miaka 65. Tarehe 3 Septemba 1915 Dartnell alikuwa na askari wa miguu waliopewa farasi. Walipopambana, adui alisogea hadi hatua chache kutoka walipokuwa, na ikawa haiwezekani kuwatoa wale walioumia vibaya zaidi. Yeye alikuwa tayari anabebwa. Alipoona wenzake wanabaki, akakataa kuendelea kubebwa, akashikilia aachwe nao, kwa matumaini kwamba akiwepo huenda wakasalimika. Akauawa. Wakampa Victoria Cross, nishani ya Uingereza ya juu kabisa ya ushujaa, na amezikwa hapa hapa Voi.

Sasa wenzako wanapiga hesabu: ofisa mmoja mwenye mafunzo, jeraha la mguu, miezi michache hospitali. Hesabu hiyo naielewa, ila wamemsahau mtu aliyelala chini. Mkataba wa Geneva wa 1906, ambao Uingereza na Ujerumani zote ziliukubali, ulisema jeshi likilazimika kuwaacha majeruhi wake mikononi mwa adui, liwaachie na sehemu ya matabibu wake, kadiri hali ya vita inavyoruhusu. Sharti hilo limo pia katika mikataba ya 1949 mnayofundishwa. Dartnell hakuwa tabibu. Lakini ofisa aliye hai katikati ya majeruhi anaweza kusema na ofisa wa upande wa pili, anaweza kuwasalimisha watu wake kwa utaratibu. Majeruhi wa vyeo vya chini wakibaki peke yao hawana wa kuwasemea. Ile nafasi ambayo sheria ilisema isiachwe wazi, yeye aliijaza kwa mwili wake.

Tena, miaka yangu ya wodini imenifundisha kwamba mgonjwa aliyezidiwa huwa hatafuti dawa kwanza. Hutafuta mtu. Macho yake huzunguka chumbani mpaka yampate. Nimewashika mikono watu ambao sikuwa na uwezo wa kuwaponya, na sijawahi hata siku moja kuiona saa hiyo kuwa imepotea. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba wale wanaume wa Maktau walipewa kitu kidogo walipomwona luteni wao hakuondoka.

Kuna jambo katika hati ya nishani yake, iliyotangazwa London Desemba 1915, ambalo nataka ulisome kwa macho makali. Inasema alijua kuwa askari weusi wa adui waliwaua majeruhi. Maneno hayo huniuma kila nikiyasoma. Wale askari walikuwa vijana wa Unyamwezi, wa Usukuma, wa Manyema, na juu yao walikuwapo maofisa wa Kijerumani. Kama majeruhi waliuawa, lawama ina ngazi, nayo inapanda mpaka kwa wenye kutoa amri. Wewe unasomea kutoa amri. Likitokea jambo la namna hiyo mbele ya watu wako, usije ukamtupia mwenye bunduki peke yake.

Na unapomheshimu Dartnell, wakumbuke na wapagazi. Walibeba chakula, risasi na machela za vita ile, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Heshima yake haipungui tukiwataja. Naudhika ninapoona mtu mmoja akisimuliwa kana kwamba nyika nzima ilikuwa tupu.

Swali lako la pili: “Ingekuwa mimi, Mama, ungetaka nibaki?”

La. Nisikudanganye. Ningekuwa pale ningewapigia kelele wanaokubeba wakimbie nawe wasigeuke nyuma. Ningekutaka nyumbani, kwa mguu mmoja au bila mguu. Hilo ndilo jibu la mama yako na halitabadilika hata ukifika cheo cha jenerali.

Lakini siku ile ulipovaa sare nilikukabidhi kwa watu nisiowajua, watoto wa mama wengine, watakaokuwa chini yako. Mama zao nao wangepiga kelele kama mimi, kila mmoja kwa wake. Uamuzi ule ukikufikia utakuwa wako. Ukibaki nao sitakulaumu, na atakayekuja kuniambia kwamba ulikosea hesabu, huyo sitamkaribisha ndani.

Soma kwa bidii somo lile la huduma ya kwanza. Ulisema linakuchosha, mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Jifunze kuzuia damu kwa mikono yako mwenyewe, usimwachie koplo.

Baba yako atakutumia nauli mwisho wa mwezi.

Mama yako akupendaye