Ukikaribia hamsini, tazama kanuni zilizobadilika katika fani yako

Mtu wa kazi ya ofisi hapa Lubumbashi akikaribia miaka hamsini, na kazi yenyewe ikaanza kuyumba, hakosi washauri. Mmoja atamwambia anunue gari aliingize kwenye teksi, mwingine atamwambia afungue depo ya vinywaji Katuba, wa tatu atamhesabia faida ya kuvusha unga na mafuta ya kupikia kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ushauri wote huo una kasoro ileile: unamtaka mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kujifunza fani aiache, aingie katika biashara ambayo jirani yake anaijua kuliko yeye. Mji huu umekwisha kuyaona hayo. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walichukua malipo yao ya mwisho, na kwa wengi fedha hizo ziliishia katika madeni, minervali (ada za shule) ya watoto na biashara ndogondogo. Walikuwa mafundi wa umeme, wa mitambo, wa kuyeyusha shaba; fedha zilitangulia kufika, mpango wa kuzitumia ukachelewa.

Mimi ni mhasibu, na ninachopendekeza kimetokana na uhasibu, ingawa naamini kinafaa na kwingine. Badala ya kuuliza ni kazi gani inayolipa siku hizi, uliza ni kanuni gani zimebadilika katika kazi unayoijua tayari. Kanuni zikibadilika, mzee na kijana wote hurudi darasani siku moja, lakini mzee anarudi akiwa na miaka yake ya mazoea, na kijana hawezi kuipata hiyo kwa kusoma usiku.

Kizazi changu kilifundishwa mpango wa hesabu wa Kongo, ule wa 1976. Septemba 2012 nchi yetu ikawa mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi 17 zinazotumia sheria moja ya biashara, na kampuni zikalazimika kuhamia mfumo wa hesabu wa SYSCOHADA, ambao nao ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2018. Wenzangu wengi waliona hayo kama adhabu, wakawaachia vijana kazi ya kujaza fomu mpya, wao wakabaki kutia sahihi. Hapo ndipo walipoanza kupitwa, kwa sababu anayejua fomu ndiye anayeitwa kwenye mkutano.

Nilijiandikisha katika mafunzo ya jioni, na mwalimu wetu alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanangu. Nakumbuka zoezi la lori la mgodi lililokodiwa kwa mkataba unaompa aliyelikodi haki ya kulinunua mwishoni. Kwa mazoea yangu, lori lile halikuwa mali yetu, basi nililipa kodi na kuiandika kuwa gharama. Akasimama karibu na meza yangu akasema, "Papa, acha kwanza namba. Niambie, lori likipinduka barabara ya Kolwezi, hasara ni ya nani?" Nikamjibu kwamba ni yetu. "Na faida ya kulitumia?" Nayo yetu. "Basi liingize katika mali zako, na deni lake ulipeleke akaunti ya 17." Sikuwa nimewahi kufundishwa hivyo chuoni, lakini nilielewa papo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimeona malori yakipinduka na nilijua nani alilia. Vijana waliokuwa darasani waliikariri akaunti ile kwa urahisi kuliko mimi. Maana yake niliwaeleza mimi wakati wa mapumziko. (Kuitwa Papa na mtu anayekusahihisha kunauma kwa wiki moja hivi, kisha unazoea.)

Nyumbani jambo hili lisifanywe kwa siri. Ada ya mafunzo hutoka katika fedha zilezile zinazongojewa na shule mwezi wa Septemba, na mke au mume asipoambiwa mapema, kila jioni unayochelewa kurudi itapewa tafsiri nyingine. Sisi tulikubaliana kwamba zamu yangu ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ndiyo italipa mafunzo, na mshahara usiguswe. Wala usiache kazi ili usome. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wa umri wetu hupenda kuonyesha ujasiri mahali ambapo subira ingetosha.

Kazi mpya ilitoka mahali ambapo sikupatazamia. Sheria ya Februari 2017 kuhusu kazi ambazo kampuni kubwa hukabidhi kampuni ndogo imeziweka kazi hizo mikononi mwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Kampuni za namna hiyo zimejaa hapa: za usafirishaji, za chakula cha wafanyakazi, za usafi, za vipuri. Mwenye kampuni mara nyingi anaijua kazi yake vizuri sana, ila hesabu zake zimo katika daftari na katika simu, na mgodi hauwezi kumpa mkataba bila taarifa za fedha zinazosomeka. Mtu huyo anamtaka mhasibu wa siku mbili tatu kwa mwezi, aliyetulia, asiyeogopa kumwambia kwamba gari la familia si mali ya kampuni. Kijana aliyemaliza chuo jana hawezi kumwambia hivyo.

Asiye mhasibu atafute mlango wake vivyo hivyo. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni za migodi zitie sahihi makubaliano ya maendeleo na jamii zinazozizunguka, na zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa ajili ya jamii hizo. Mtaalamu wa kilimo au muuguzi aliyezunguka vijiji miaka yote ana la kusema katika makubaliano hayo, maadamu ameisoma sheria yenyewe. Kwa kazi za mikono na mashine, INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, hupokea watu wazima wanaotaka kujiongezea ujuzi.

Kuhusu bei, mteja wa kwanza huwa ni ndugu au mtu wa kanisani, naye ataomba umsaidie bure kwanza. Mtoze kidogo, lakini mtoze, tena kwa karatasi yenye tarehe ya malipo. Tena ujue mpaka wako: kutunza hesabu ukiwa mwajiriwa ni jambo moja, na kutoa huduma hizo kwa jina lako mwenyewe ni jingine, kwa maana tangu sheria ya Februari 2015 taaluma hii ina chama chake cha kitaifa, ONEC. Kabla ya kuchapisha kadi zenye jina lako, nenda ukaulize masharti ya kuandikishwa, na ubebe nakala za shahada zako zilizothibitishwa.