Simu chumba kingine, karatasi mezani
Umeuliza kwanini akili inahama kila ukikaa kufanya kazi, mi naona sio uvivu kabisa. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi haijaisha ukarukia nyingine, sehemu ya akili inabaki kule nyuma, ndo maana hata meseji moja tu ya "upo?" inakuvuruga. Simu ipeleke chumba kingine, sio kuilaza kifudifudi hapo mezani maana mkono utaifata tu wenyewe. Na ukilazimika kuinuka andika kwanza sentensi moja kwenye karatasi, nimeishia hapa, nikirudi naanza na hiki. Hiyo karatasi imenisaidia sana aisee, nikirudi naingia moja kwa moja bila kuzungukazunguka.