Maswali na Majibu: Samba na matoleo yake madogo

Nimepokea maswali mengi kuhusu Samba, ile programu huria inayoiwezesha seva ya Linux kugawa mafaili kwa kompyuta za Windows na Mac ofisini au shuleni. Karibu yote yanagusa masasisho. Nimechagua haya.

Seva yetu haijawahi kusumbua. Kila toleo jipya likitoka naona orodha ndefu ya hitilafu zilizorekebishwa, nyingi sizielewi. Kuna haja gani ya kugusa kitu ambacho hakijaharibika? (Msomaji, Morogoro)

Haja ipo, tena kubwa. Tuanze na namba zenyewe. Ukiona 4.6.4, ile 6 ya katikati ni tawi, na tawi jipya hutoka takriban kila miezi sita likiwa na mambo mapya. Ile 4 ya mwisho inahesabu marekebisho ndani ya tawi hilohilo. Matoleo ya namba ya mwisho kwa kawaida hayakuletei mambo mapya ya kujifunza. Kazi yake ni kuondoa hitilafu zilizoripotiwa na kuziba mianya ya usalama.

Nimetaja 4.6.4 kwa makusudi. Ilitoka tarehe 24 Mei 2017, pamoja na 4.5.10 na 4.4.14, kuziba mwanya uliopewa namba CVE-2017-7494 (CVE ni orodha ya kimataifa ya mianya ya usalama). Mwanya huo ulikuwemo tangu 3.5.0 ya mwaka 2010. Mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda ya pamoja aliweza kuweka humo faili la programu, kisha akailazimisha seva iliendeshe. Kwa miaka saba seva nyingi zilifanya kazi bila kusumbua mtu, na mlango uko wazi. Ukikisoma kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya programu yaliyouziba, utashangaa kilivyo kifupi: mistari michache inayokagua jina la njia ya mawasiliano linaloombwa na mteja, na likiwa na alama ya mkwaju (/), seva inakataa kulifungua. Kwenye orodha ya marekebisho, kazi yote hiyo ilichukua mstari mmoja.

Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki: namba ya mwisho ipandishe ndani ya siku chache, hata kama huelewi kila mstari wa orodha. Namba ya katikati usiikimbilie. Soma maelezo yake kwanza, hasa sehemu inayotaja mipangilio iliyobadilika au kuondolewa, kisha ijaribu kwenye mashine isiyo na kazi ya watu.

Nilisoma kwamba mwanya wa Januari 2022 ulizibwa katika 4.13.17. Seva yangu ya Debian 11 inasema 4.13.13, na nimesasisha kila kitu. Je, niko salama au nimedanganywa? (Msomaji, Kisumu)

Hujadanganywa. Mwanya unaouzungumzia ni CVE-2021-44142, uliokuwa kwenye moduli (sehemu ya nyongeza) ya fruit, ile inayowahudumia watumiaji wa Mac. Waandishi wa Samba waliuziba katika 4.13.17, 4.14.12 na 4.15.5. Debian, watengenezaji wa mfumo wa Linux wa seva yako, hawakuhamia 4.13.17. Walichukua kiraka chenyewe wakakishonea kwenye 4.13.13 yao, ili kisiingie kitu kingine chochote kwenye mfumo ambao wameahidi hautabadilikabadilika. Ubuntu na Red Hat hufanya hivyohivyo.

Kwa hiyo usiangalie peke yake jibu la `smbd -V`, amri inayotaja toleo la smbd, programu kuu ya Samba. Angalia namba kamili ya kifurushi kwa `dpkg -l samba`, utaona mkia wenye deb11u na tarakimu mbele yake. Huo mkia ndio unaopanda kila wanapoziba kitu. Kisha soma kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi, iliyoko chini ya /usr/share/doc/samba, utafute namba ya CVE. Ukiikuta humo ikiwa imetajwa kuwa imezibwa, lala usingizi. Programu za kukagua usalama zinazosoma namba ya toleo tu hupiga kelele bure kwenye seva za namna hii, na nimeona wakuu wa ofisi wakiwabana mafundi wao kwa ripoti kama hizo. Wapelekee ile kumbukumbu.

Tulihama kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Kompyuta zote zinaingia vizuri, ila mashine ya fotokopi haiwezi tena kutuma skani kwenye folda. Fundi anasema turudishe SMB1. Turudishe? (Ofisi ya mawakili, Mombasa)

Hili ndilo swali ninalolipata kuliko yote, kwa sababu karibu kila ofisi ina mashine ya namna hiyo, ya bei ghali na yenye umri.

SMB1 ni lugha ya zamani ya mtandao wa Windows. Samba waliizima katika mipangilio ya kawaida kuanzia 4.11, Septemba 2019, na tangu hapo seva haikubali chini ya SMB2 isipokuwa uiamuru. Wao hawakukosea. Lugha ile haina ulinzi unaotakiwa leo, na ndiyo iliyotumika kusambaza WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kwenye mashine za Windows mwaka 2017.

Fundi wako anataka kuandika `server min protocol = NT1` kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba; NT1 ni jina la SMB1 humo. Itafanya kazi, lakini fahamuni mnachonunua: mpangilio huo ni wa seva nzima, hauwezi kuufungia kwenye folda moja. Mafaili yote ya wateja wenu yatakuwa nyuma ya mlango uleule uliofunguliwa kwa ajili ya fotokopi.

Kabla ya hapo jaribuni haya. Mwite wakala aliyewauzia mashine, muulizeni kama kuna programu mpya ya ndani ya mashine hiyo; mashine nyingi hupata SMB2 kwa njia hiyo, na wenye mashine hawajui kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ikishindikana, angalieni kama inaweza kutuma skani kwa barua pepe au kwa FTP (njia nyingine ya kutuma mafaili) ndani ya ofisi. Ikishindikana kabisa, tengeni kompyuta ndogo ya kupokea skani tu, yenye Samba yake na NT1 yake, isiyo na faili jingine lolote, na kwa `hosts allow` iruhusuni ipokee kutoka anwani ya fotokopi na mashine ya karani anayezihamisha. Kama bado inagoma, tazameni `ntlm auth`, maana kuanzia 4.5 Samba hukataa pia namna kongwe ya kuthibitisha nywila. Kwenye seva yenye majalada ya kesi, mimi nisingeirudisha SMB1.

Kisanduku chetu cha kuhifadhia mafaili kina Samba 3.6 na kiwanda hakitoi tena masasisho. Kuna ubaya? (Msomaji, Arusha)

Upo. Samba wenyewe waliacha kuihudumia 3.6 mwaka 2015, wakati tawi la 4.2 lilipotoka. Kila wakati kuna matawi matatu tu yanayoangaliwa: jipya linalopata marekebisho yote, la pili lililo kwenye matunzo, na la tatu linalozibwa mianya ya usalama tu. Hamisha mafaili yako. Kwa sasa hakikisha kisanduku hakifikiki kutoka intaneti, hasa poti 445 na 139, milango ya mtandao ambayo Samba hutumia.

Nisasishe saa ngapi? Mara ya mwisho mhasibu alipoteza kazi aliyokuwa hajaihifadhi. (Msomaji wa shule, Dodoma)

Samba huanzisha mchakato mmoja wa smbd kwa kila kompyuta iliyoingia. Huduma ikiwashwa upya, wote hukatika na mafaili yaliyo wazi hukatika nao. Na isipowashwa upya, waliokuwa wameingia wanaendelea kuhudumiwa na programu ya zamani yenye mwanya. Kuwasha upya hakukwepeki, chagua saa tu.

Andika `smbstatus` kwanza. Itakuonyesha nani ameingia, kutoka mashine gani, na sehemu ya chini kabisa mafaili yaliyo wazi, kwa majina. Ukiona faili la mishahara liko wazi, nenda kwa mhasibu umwombe alifunge. Kisha `testparm`, ikuambie kama kuna mpangilio uliopitwa na wakati. Na kama seva yenu ndiyo inayoshika akaunti za wanafunzi na walimu kama Active Directory (mfumo wa Microsoft wa akaunti za pamoja), usikopi folda ya data huku huduma inaendelea. Tumia `samba-tool domain backup`, iliyopo tangu 4.9, ujaribu na kurejesha kabla hujaihitaji.

Nimegundua hitilafu, lakini mimi si mwandishi wa programu. Watanisikiliza? (Msomaji, Kampala)

Watakusikiliza ukiwapa kitu cha kushika. Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo inajengwa na watu wa nchi nyingi, baadhi wakiajiriwa na kampuni kama SerNet ya Ujerumani na Catalyst ya New Zealand. Marekebisho mengi kwenye zile orodha huanza na ripoti ya mtu kama wewe: ukitazama, karibu kila mstari una neno BUG na namba. Namba hiyo ni ukurasa kwenye bugzilla.samba.org ambako mtu alieleza kilichomtokea.

Eleza toleo kamili, mfumo wa seva, mfumo wa mteja, na hatua za kuirudia hitilafu. Weka `max log size = 0` kwenye smb.conf ili kumbukumbu ya matukio (log) isikatwe njiani, kisha pandisha kiwango cha maelezo yake kwa `smbcontrol smbd debug 10`, bila kuzima kitu. Rudia kosa mara moja, halafu shusha kiwango kwa amri ileile yenye 1, la sivyo diski itajaa. Kabla ya kuambatanisha pitia majina ya watumiaji na ya mafaili ya watu, maana ukurasa ule unasomwa na kila mtu. Na ukihisi ni mwanya wa usalama, usiuandike hadharani hata kidogo. Tuma kwa security@samba.org.