Usimjibu saa saba ya usiku

Tabora

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza ufanyeje na huyo mteja wa Kigoma unayemtibu wasiwasi kwa simu, anayekuandikia kila usiku, "Dokta, moyo unaenda mbio, kweli nitapona?" Ukimjibu anatulia, kesho anaandika mara tatu. Shida ni kwamba unamjibu vizuri mno.

Hofu kali ya ghafla hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka hata kama hakuna aliyempigia. Yeye hajawahi kuliona hilo, maana dakika ya nne "usijali, uko salama" yako imeshaingia, na anaamini wewe ndiye uliyeishusha. Lakini usimkatie ghafla, ataona umemtupa. Mweleze sababu kikaoni, mkubaliane kwamba ujumbe ni wa kupanga miadi tu, tena mchana. Usiku aandike kwenye daftari: saa hofu ilipoanza, anaogopa nini kitatokea, ukali wake kati ya 0 na 100, na ukali huohuo baada ya dakika 20. Daftari hilo ndilo mtakalofungua kikao kijacho. Akiandika kwamba hataki kuishi, hilo si la kusubiri asubuhi: mpigie, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na kama ana cha kujiulia, kisha mtafute ndugu wa karibu afike alipo.

Ndiyo maana kila kikao kinaanza kwa kuuliza amekaa wapi leo, mtaa gani, na namba ya mtu wa karibu ni ipi. Wa Ujiji anaweza siku hiyo kuwa Kasulu msibani. Kubalianeni pia kuhusu mtandao: laini ikikatika, wewe ndiye unayepiga, simu ya kawaida, ndani ya dakika 5. Mkipigiana wote wawili kila mmoja atakuta simu ya mwenzake inatumika, na mwenye wasiwasi ataanza kuhesabu amekukosea nini. Nyumba za kupanga nyingi hazina dari, jirani anasikia kila neno. Avae spika za masikioni, na muwe na neno la siri. Akisema "mchele umefika", ujue kuna mtu ameingia, mhamie kwenye habari za soko.

Dodoso la GAD-7, la kupima wasiwasi, lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10 mchunguze kwa makini. 15 na kuendelea ni wasiwasi mkali. Ila watu wetu hawasemi "nina wasiwasi". Watakuambia "nina mawazo", "roho inanidunda", "presha imepanda". Na huenda ni presha kweli. Ambaye hajapimwa aende kwanza hospitali, Maweni kwa walio Kigoma, apimwe presha, sukari na wingi wa damu. Akiwa anakonda huku anakula, anatokwa jasho na mikono inatetemeka, aombe wampime na tezi ya shingo. Ganzi ya vidole na midomo mara nyingi huja kwa kupumua harakaharaka: kaboni daioksaidi inapungua kwenye damu. Mweleze hivyo, anadhani ni kiharusi.

Sasa jambo linalowanasa wengi katika kazi ya simu. Anayeogopa kutoka nje atakupenda sana, kwa sababu unamtibu akiwa chumbani. Hatakosa kikao hata kimoja, na hatatoka. Kama anaogopa daladala ya Mwanga hadi Ujiji, pangeni ngazi: kusimama kituoni dakika 15, kupanda hadi kituo kimoja, kisha safari nzima. Kabla ya kila ngazi aandike anachotarajia, mfano "nitaanguka", na akirudi aandike kilichotokea. Mara ya kwanza unaweza kuwa naye kwenye simu. Mara ya pili simu ikae mfukoni, mara ya tatu ibaki nyumbani pamoja na ile chupa ya maji anayoibeba ili ajione salama, na mdogo wake anayemsindikiza. Ukiendelea kuwa sikioni mwake, umekuwa ile chupa. Na ngazi irudiwe mara kadhaa kwa wiki. Mara moja haitoshi, ataiita bahati.

Lile dodoso ulilotafsiri nitumie nilitazame, hasa swali la 5, la kushindwa kutulia mahali pamoja. Ukiandika "kukosa utulivu" watakujibu habari za moyoni, na swali linauliza habari za miguu.

Mama yako