Utafiti kwa wenye simu ya tochi: maswali ya wasomaji wa Bukavu

Niko Bagira, naandika TFC, kazi ya kumaliza masomo ya chuo. Msimamizi anadai makala mpya, lakini mega zangu huisha kabla faili haijafunguka.

Acha PDF kwanza. Faili moja yaweza kula mega kadhaa, wakati muhtasari wa makala hiyohiyo ni mwepesi mno. Soma mihtasari, chagua makala mbili tatu, kisha uzipakue penye wifi. Halafu mwone mtunza maktaba wa chuo, umuulize kuhusu Research4Life, mpango wa kimataifa unaozifungulia nchi maskini majarida ya kitaaluma. Mpango wake wa afya, Hinari, ulianza 2002. Unafungua majarida ya kulipia, na Kongo imo kati ya nchi zisizotozwa. Anayejiandikisha ni chuo, si mwanafunzi. Makala ikikosekana, mwandikie mtunzi wake barua pepe bila woga.

Watafiti wanakuja huku Kabare, wanatuuliza maswali hadi jua linazama, wanaondoka. Sisi wa simu za tochi tutaona matokeo lini?

Mama, swali hili natamani kila mtafiti alisikie. Ujuzi umetoka shambani kwako, nawe unakuwa wa mwisho kuupata, kama utaupata, tena kwa Kifaransa.

Tazama mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001. Wakulima waliambiwa wang'oe shina zima na machipukizi yake yote. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na wengi waliiacha. Baadaye majaribio ya hapa Kivu yalionyesha kwamba kukata mgomba mgonjwa peke yake, na kurudia bila kuchoka, kunapunguza ugonjwa. Habari hiyo inatoshea katika SMS moja:

"Mgomba ukinyauka, kata huo tu, usawa wa udongo. Choma panga motoni kabla ya kugusa mwingine. Ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda. Rudia kila wiki."

Kwa hiyo wakirudi, kabla hujajibu swali la kwanza, waulize watakuletea nini, kwa lugha gani, na kwa simu ya nani. Mara nyingi simu ya nyumba iko mfukoni mwa baba, na anayelima ni mama.

Mimi ni asistanti wa chuo, Ibanda. SMS zangu za Kiswahili zinakatika vipande viwili vitatu. Kwa nini?

SMS moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukiingiza alama moja tu ambayo haimo katika orodha ya kawaida ya SMS, zinashuka hadi 70. Mara nyingi chanzo ni ritifaa (ile alama ya juu katikati ya neno) iliyopinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe katika "ng'ombe", andika iliyonyooka. Kwa Kifaransa, é inapita, ê haipiti.

Ila ukifupisha, usifute mahali. Ushauri uliojaribiwa kwenye baridi ya Kabare usiutume kwa mkulima wa Uvira, kwenye joto, kana kwamba umethibitishwa kwake. Weka pia namba ya mtu atakayejibu.

Bibi yangu hajui kusoma. Yeye je?

Apate sauti. Anapiga namba, anabonyeza 1 kwa migomba, 2 kwa muhogo, anasikiliza kwa Mashi, lugha ya nyumbani. Simu yoyote inatosha. Ila asitumie unite (salio) zake. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, pamoja na mafuta ya gari.